Mtoto wa Chumba cha Ndani

Kuna akina mama ambao ukiwaambia mtoto amekua wanakutazama kana kwamba umewatukana. Aketch alikuwa wa kundi hilo, tena mstari wa mbele kabisa. Mwanawe Byron alikuwa amemaliza kidato cha nne, sauti imekuwa nzito, masharubu yameanza kuchungulia, na bado kila asubuhi mama alimkorogea chai sukari na kuipuliza ipoe. Kijana alikuwa anaona haya, lakini ukilelewa na mama mjane, peke yenu wawili, katika nyumba ya kukodi pale Kapsoya, Eldoret, unazoea kumeza haya yako pamoja na chai.

Mambo yalianza kubadilika siku Ogweno alipofika kutoka kijijini Ugunja. Ogweno alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mumewe Aketch, mtu mfupi mwenye maneno machache na kichwa kigumu. Hata chai hakuionja kwanza. Alisema kijana wa Kijaluo mwenye ndevu halali ukuta mmoja na mama yake, na kama mjini hakuna mahali pa kujenga simba, basi simba ikodiwe. Simba ndiyo nyumba ya kijana, ile anayojengewa kando ya nyumba ya mama yake anapoanza kuota ndevu, ili ajifunze kufunga mlango wake mwenyewe na kujibu mwenyewe mtu akibisha. Kwa bahati kulikuwa na chumba cha mabati nyuma ya ploti, karibu na tangi la maji, hakina mtu. Ogweno alikichukua siku hiyohiyo, akatafuta godoro na kufuli, akalala humo na Byron usiku wa kwanza ili kijana asiingie peke yake.

Asubuhi alipokuwa anaaga alimwambia Aketch mambo mawili. La kwanza, asiende kule nyuma kumtandikia kijana kitanda. La pili, kitanda cha zamani kilichokuwa chumba cha ndani kitolewe leo leo, kwa sababu hakuna mtu anayeacha kitanda cha mtoto kimetandikwa katika nyumba ambayo mtoto ameshatoka. Aketch aliitikia sawa, sawa, shemeji, safari njema. Ogweno alipopotea kwenye kona, mama huyo alirudi ndani, akakikung'uta kile kitanda, akakitandika shuka safi na blanketi. Alijiambia kwamba ni mbao na godoro tu, na mbao zinamdhuru nani. Hivyo ndivyo alivyokosea, na alikosea macho yakiwa wazi.

Kwa Byron mambo yalikwenda vizuri mwanzoni, tena vizuri sana. Ogweno alikuwa amemwombea kazi kwa Mzee Lusweti, fundi Mbukusu anayechomelea mageti na madirisha kule Huruma. Lusweti ni mtu wa kelele. Ukikosea anakufokea hadi wapita njia wanasimama, na ukipatia hasemi chochote, anakupa tu kazi ngumu zaidi. Byron alianza kurudi jioni amechafuka masizi, mikono imejaa alama za cheche, anatembea kama mtu anayejua anakotoka. Alikula kwa mama yake, akasema asante, akasuuza sahani yake mwenyewe, akaenda zake kule nyuma akipiga mluzi.

Huo mluzi ulimuudhi Aketch kuliko alivyoweza kueleza. Kijana hakukosa adabu, hakulewa, hakuchelewa. Alikuwa tu hahitaji kitu. Mchana mama alikuwa karani kwenye stoo ya mahindi mjini na saa zilipita, lakini jioni zilimshinda. Alikaa sebuleni akisikiliza ukuta, na chumba cha ndani mlango wake ukiwa umefungwa.

Jumapili moja mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga mabati na kuacha baridi ile ya Eldoret inayoingia hadi kwenye meno. Aketch alikuwa ametoka kanisani, ameketi na kikombe mkononi. Ndipo akasikia mtu akiita kutoka chumba cha ndani.

"Mama, maji."

Aliitikia "naja" kabla hajafikiri. Alikuwa tayari ameshika jagi alipomsikia Byron huko nyuma ya nyumba, kwa ile sauti yake nzito, akicheka na redio.

Mtu mwenye akili timamu angetoka mbio hadi barabarani. Aketch alimimina maji, akafungua mlango. Juu ya kitanda alikuwa ameketi mtoto wa miaka saba, amevaa sweta ya kijani ya shule, sweta ambayo Aketch aliigawa zamani na iliishia kuwa kitambaa cha kupigia deki nyumba ya jirani. Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka. Chumba kilinukia mafuta ya Vaseline na penseli iliyochongwa. Hakuwa mtoto anayefanana na Byron. Alikuwa Byron mwenyewe. Mama anamjua mtoto wake kwa namna anavyoshika kikombe, na huyu alikishika kwa mikono miwili, akanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Baba amerudi?" akauliza.

"Kesho," Aketch akasema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akajilaza, akavuta blanketi. Aketch alipogusa kikombe kilikuwa kitupu kweli.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu Aketch mwenyewe hakuwahi kuusema. Mumewe, Johnstone, alikuwa dereva wa lori la mahindi kati ya Moi's Bridge na mjini. Alasiri moja lori lilipinduka karibu na Soy, naye akafia palepale. Byron alikuwa na miaka saba. Aketch aliona kwamba moyo wa mtoto hautaweza jambo zito namna ile, au labda aliona ni wake ndio hautaweza kumtazama akilipokea. Akamwacha kwa jirani yake Nabwire, akamwambia anakwenda mkutano wa kanisa, akaenda Ugunja kumzika mumewe bila mwanawe wa pekee kutupa udongo kaburini. Wazee walipouliza mtoto yuko wapi alisema ni mgonjwa. Kwa Wajaluo hilo si jambo dogo, na halikusahaulika.

Aliporudi mtoto alimuuliza Baba yuko wapi. Akasema ameenda Moi's Bridge kuleta mahindi, anarudi kesho. Jioni iliyofuata akaulizwa tena, akajibu vilevile, na nyingine, na nyingine, hadi siku moja mtoto akaacha kuuliza. Aketch akamshukuru Mungu. Alidhani jambo limejimaliza lenyewe. Sisi watu wazima tunapenda sana kuamini hivyo. Hakumpeleka tena Ugunja. Kila Desemba palikuwa na sababu. Byron alijua, bila shaka alijua, lakini kati ya mama na mwana hakuna aliyewahi kulitamka mbele ya mwenzake.

Sasa yule aliyekuwa anauliza alikuwa amerudi, na Aketch, tusimhukumu haraka, alifurahi. Alimpikia uji wa wimbi, bakuli likarudi tupu. Alimkata kucha. Alimwimbia. Mtoto hakutoka chumbani, hakuomba kucheza, hakutaka chochote ambacho mama yake hakuweza kumpa. Kila jioni, giza likianza kuingia, aliuliza lile swali moja na kupata lile jibu moja, akalala. Aketch akaanza kutoka kazini mapema. Wenzake kazini walimtania kwamba amepata bwana, maana alikuwa anang'aa, naye akacheka na kuwaacha waamini.

Nabwire, ambaye bado alikuwa jirani, alimsimamisha getini akiwa amebeba sukuma wiki.

"Hongera, Mama Byron. Kumbe umeletewa mjukuu na hutuambii? Namsikia akikohoa, maskini. Kikohozi chenyewe ni kama cha Byron akiwa mdogo."

Aketch alisema ni televisheni. Nabwire akamtazama, maana kila mtu pale ploti alijua televisheni ya Aketch ilikufa kitambo.

Basi ni wakati huo Byron alipoanza kurudi nyuma. Kwanza alileta shati lishonwe kifungo, yeye aliyekuwa anajishonea. Halafu akaleta nguo zote zifuliwe. Halafu akawa anabaki mezani baada ya kula, anazungusha kijiko, hataki kwenda kule nyuma kwa sababu kuna giza. Mama yake aliona ni mapenzi yamerudi. Suruali zikaanza kumburuzika chini, Aketch akasema zimelegea kwa kufuliwa. Sasa wewe umewahi kuona suruali ya jinzi ikiongezeka urefu kwa kufuliwa? Alizikunja pindo akashona, huku anaimba.

Aliyemzindua ni Lusweti. Alikuja Jumamosi adhuhuri na nguo zake za kazi, akakataa kiti, akasimama mlangoni kofia mkononi. Mtu huyo ambaye kelele zake zinasikika hadi stendi alizungumza polepole, kama aliye kwenye matanga.

"Mama Byron, sijakuja kuteta. Nataka tu kuuliza, huyu kijana amepatwa na nini? Nilimwachia geti ya kanisa aunge mwenyewe, kutoka kupima mpaka kupaka rangi, na ikatoka safi. Nikampatia ufunguo wa karakana. Sasa ananiuliza grinda inashikwa wapi. Jana nimempigia kelele kidogo, ile ya kazi tu, akaniita Baba. Mbele ya wateja. Halafu akalia."

Aketch alisema labda amechoka.

"Nimelea watoto, mimi siogopi kijana akilia," Lusweti akasema. "Kijana akikasirika analia, ni kawaida. Yule alikuwa analia kama amepotea sokoni."

Akageuza kofia mkononi, akaongeza kwamba nafasi ya Byron ipo na hatampa mtu mwingine. "Lakini arudi yeye," akasema. "Si huyu."

Baada ya Lusweti kuondoka Aketch alitoka nje. Byron alikuwa kwenye mfereji ananawa miguu. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi mama yake alimtazama kweli, badala ya kuangalia tu kama amekula. Kijana huyu ambaye mwaka jana alikuwa anainama kupita mlangoni, sasa kichwa kilimfikia mama yake begani. Uso ulikuwa laini, masharubu hakuna. Mikono ya shati ilimfunika vidole. Alimgeukia, akatia ulimi nyuma ya meno ya mbele, akalisukuma moja.

"Mama," akasema, kwa sauti nyembamba ambayo Aketch aliijua vizuri mno, "jino langu linacheza."

Hofu iliyompata Aketch hapo haikuwa ya majini wala mizimu. Ilikuwa hofu ya mama aliyegeuka na kukuta gari limesimama pua kwa pua na mtoto wake. Alielewa kwamba kuna watoto wawili na nafasi ya mmoja, na kwamba kila bakuli la uji alilopeleka chumba cha ndani lilikuwa linatolewa kwenye mwili wa huyu. Wakikutana katikati hatakuwa na Byron tena. Atakuwa na mtoto wa miaka saba wa milele, akiuliza swali moja kila jioni, hadi siku yeye mwenyewe atakapokufa na kumwacha humo chumbani hana wa kumjibu.

Akamkumbuka Ogweno. Mchana huohuo akaingia chumba cha ndani bila kumtazama mtoto, akakishika kitanda, akakiburuta hadi uani, godoro, mbao na yote. Aliporudi kuchukua shuka, mtoto alikuwa ameketi sakafuni palepale kitanda kilipokuwa, amekumbatia magoti.

"Mama, nitalala wapi?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, na kule uani Byron akaanza kuita kwamba hajui kufunga kamba za viatu. Aketch alisimama kati ya sauti mbili zilizokuwa sauti moja, akakirudisha kitanda ndani huku analia.

Alifikiria kumwambia mchungaji. Lakini alijua watakavyokuja, kina mama wa maombi na ngoma na mafuta, na watakavyomkemea atoke, ashindwe, arudi alikotoka. Huyu angerudi wapi? Alitoka kwake. Utamkemeaje mtoto uliyemzaa, aliyekaa kitandani na sweta yake ya shule, anayetaka tu kujua baba yake yuko wapi?

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipomkaa kichwani. Mtoto huyu hakuwahi kuja kwa sababu ya uji. Alikuwa anangoja jibu. Jioni hiyo Aketch alijitia nguvu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi na mwepesi. Alikuwa ameyapanga maneno: Baba alipata ajali, Baba alikufa, Baba hatarudi. Ni maneno mafupi, hata mlevi angeyasema. Mtoto akauliza. Aketch akafungua mdomo, akaliona lile pengo la jino, ule uso uliokuwa tayari kuamini chochote atakachosema.

"Kesho," akasema.

Na kule nyuma redio ikanyamaza ghafla, kisha Byron akaita kwamba kuna giza na hafikii swichi ya taa.

Siku iliyofuata hakwenda kanisani. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati na mvua ilikuwa inaanza. Aketch alitembea hadi chumba cha nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Byron ahamie huko alibisha hodi. Kisha ile sauti nyembamba ikasema karibu.

Byron alikuwa ameketi kitandani na miguu haikugusa sakafu. Chumba kilikuwa bado cha mwanamume: buti za kazi, miwani ya kuchomelea msumarini, suruali yenye masizi. Na katikati ya vitu hivyo mtoto huyu, kama aliyeingia kuvichezea wakati mwenye chumba yuko kazini. Aketch aliketi chini, mkekani, ili asimtazame kutoka juu.

"Nilikudanganya," akasema. "Baba yako hakwenda Moi's Bridge. Nilikwenda kumzika nikakuacha kwa Nabwire. Ulikuwa na haki ya kuwa pale, mimi nikakunyima. Nilisema nakuhurumia. Nilikuwa najihurumia mwenyewe."

Byron alicheza na mkono wa shati lake kwa muda mrefu.

"Najua, Mama," akasema. "Watoto waliniambia shuleni, nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mabati yakaanza kelele ya mvua. Aketch alilia bila kujificha uso, na kijana hakumwambia nyamaza. Alipoweza kusema tena, alimweleza yote: yule wa chumba cha ndani, uji, swali la kila jioni, na jinsi alivyojaribu kujibu akashindwa. Alitarajia mtoto aogope, na kweli aliogopa. Lakini Aketch hakumkumbatia wala kumwambia si kitu. Alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu amzae.

"Siwezi peke yangu," akasema. "Naomba unisaidie."

Byron akamtazama. Mama huyu hakuwahi kumwomba msaada wa kitu kizito kuliko kushusha sufuria. Akafikiri. Unaweza kumwona mtu akifikiri, paji la uso linajikunja, na hapo Aketch alimwona Johnstone kwenye uso ule. Kisha kijana akaruka chini kutoka kitandani, akashika suruali kiunoni kwa mkono mmoja isimwanguke, akatoka kwenye mvua.

Aketch alimfuata mbio. Sebuleni alimkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani, na kutoka ndani sauti ikawa inaita maji. Alinyoosha mkono amshike bega waingie pamoja.

"Mama, baki hapo," Byron akasema.

Kila mfupa wa Aketch ulikataa. Hata hivyo alibaki. Aliushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, na mlango ukafunguliwa ukafungwa.

Kwanza alisikia sauti moja ikiuliza, halafu sauti hiyohiyo ikijibu. Maneno hayakusikika kwa sababu ya mvua. Sauti ya kwanza ikapanda juu, ikauliza tena, na ya pili ikajibu tena, polepole, haikukimbia. Kisha kilio. Aketch hakuwahi kumsikia mwanawe akilia hivyo, kilio cha msiba, kile alichomnyima miaka hiyo yote, na kilikuwa cha watoto wawili kwa pamoja, kinapanda na kushuka kwa pumzi moja. Aliuma mkono wake asikimbilie mlango. Alijua akiingia sasa atasema kesho, na hakutakuwa na kesho nyingine. Vilio vikaendelea hadi akadhani havitaisha. Halafu kimoja kikaanza kuwa kizito. Kikashuka, kikakwaruza kama koo la mwanamume, na kile chembamba kikawa kinasikika kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi, kisha ikabaki mvua tu.

Mlango ulipofunguliwa ilibidi atokaye ainame. Suruali ile ambayo Aketch aliikunja pindo ilikuwa imemkatia juu ya vifundo vya miguu. Macho yalikuwa mekundu, ndevu zilikuwa zimemtoka kidevuni, nyingi kuliko zilizopotea, na alikuwa ameegemea fremu kama mtu aliyeshusha mzigo njiani. Nyuma yake kitanda kilikuwa kitupu.

"Ameenda," Byron akasema kwa sauti yake nzito.

Aketch alitaka kumshika uso, akajizuia. Alimuuliza kama alimwambia kuhusu Baba.

"Nilimwambia. Alilia, lakini hilo halikumshinda. Nafikiri alikuwa anajua, kama mimi." Akafuta pua kwa mkono. "Kilichomshinda ni kuondoka. Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Byron alitazama dirishani, mvua ilivyokuwa inapiga uani.

"Aliniuliza, nikienda, Mama atabaki na nani? Alikuwa anakaa kwa sababu yako. Nikamwambia Mama ni mtu mzima."

Aketch akakaa kwenye kiti. Byron akasema anapita kwa Mzee Lusweti nyumbani kwake amwombe msamaha, na kwamba usiku atakula hukohuko, asimwekee chakula. Akaelekea mlangoni na shati lake jembamba lililoloa. Aketch alifungua mdomo amwambie avae sweta, akaufunga. Alisikia hatua zake zikikata maji uani, geti likafunguliwa, likafungwa. Ndipo akalia, kwa sauti kubwa, katika nyumba isiyo na mtu, na hakumwita yeyote.